Pigo Nililoliacha

Nekesa alinipigia simu asubuhi, nikiwa kwenye karakana yangu hapa Namakwekwe, mjini Mbale, napaka vanishi mlango wa mteja. Dada yangu hana kawaida ya kuzungusha maneno. Alisema, "Kaka, Mama Mudoola ametutoka. Tunazika kesho saa nane." Kisha tukawa tunasikilizana pumzi mpaka salio lake likaisha. Mwenye mlango, aliyekuwa amekuja kuhimiza kazi yake, aliniona nimeshika brashi hewani, akauliza kama aliyefariki ni mama yangu. Nikamwambia hapana. Shangazi? Hapana, si ndugu, wala si wa kabila letu. Ni mama mwenye nyumba tuliyokaa mwaka mmoja huko ng'ambo ya Buwenge, zamani, wakati wa jeshi. Akaniangalia, akasema, "Mwaka mmoja tu?" Nilifunika kopo la vanishi, nikaenda kutafuta shati jeupe. Ninaandika haya kwa sababu swali lake lilinifuata njia nzima.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa serikali ya jeshi, nami nilikuwa na miaka kumi na sita. Namna tulivyobaki watatu bila wazazi sitaieleza hapa. Yatosha kusema kwamba chumba tulichokuwa tukikaa Jinja, kwenye laini za wafanyakazi waliotoka upande wa Kenya kama wazee wetu, kilitakiwa na watu wengine, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba bila kumwambia mwalimu. Nekesa alikuwa na miaka kumi na miwili, Simiyu, mdogo wetu wa mwisho, minane. Dereva mmoja wa lori, aliyemjua marehemu baba, alisema anamfahamu mjane mwenye stoo tupu, na karibu na hapo kuna kiwanda cha sukari guru kinachotafuta mikono. Alitupeleka na godoro moja, sufuria mbili na sanduku la bati. Njiani Simiyu aliuliza kama huko tunakokwenda kuna watu wanaotujua. Dereva akacheka, akamwambia, "Mtajulikana tu."

Stoo ile ilikuwa na harufu ya pamba ya miaka iliyopita. Ukuta mmoja ulikuwa pia ukuta wa jiko la Mama Mudoola, na haukufika mpaka kwenye bati, kwa hiyo moshi wake ulikuja kwetu, na sauti yake pia. Juu ya vichwa vyetu, kwenye boriti, zilipangwa mbao ishirini na moja zilizochongwa, nyeusi kwa moshi, ya kwanza ndefu kuliko Simiyu na ya mwisho fupi kama mkono wangu. Siku ya kwanza Mama Mudoola alisimama mlangoni, mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini na mitano, akanyoosha kidole juu na kusema kwa Kisoga kitu ambacho Nekesa, aliyecheza na watoto wa Kisoga tangu utotoni, alitutafsiria: hizo ni mbao za embaire, ala ya muziki inayogongwa kwa fimbo, marehemu mume wake ndiye aliyezichonga, zinakaa kwenye moshi ili zisinyonye maji, msiziguse. Nilimshukuru kwa Kiswahili. Uso wake ulijifunga kama dirisha linavyofungwa mvua inapoanza. Akageuka, akaenda.

Sababu nilikuja kuijua kisimani, ambako niliwasalimia watu kwa Kiswahili changu cha laini na mwanamke mmoja akaliacha debe lake likiwa nusu, akaondoka. Mzee Kasadha, jirani aliyekuwa na sauti nene na mguu mmoja mfupi, alinivuta pembeni. Alinieleza kwa Kiswahili cha kunong'ona kwamba mwaka uliotangulia, siku ya soko, saa sita mchana, watu watatu wa serikali waliovaa miwani ya jua walishuka garini Buwenge wakamwita Mudoola, mtoto wa pekee wa mama yule. Walimwambia, "Njoo kidogo tu." Aliacha baiskeli yake imeegemea duka la chumvi, akaingia garini. Baiskeli ilirudishwa jioni na watu wa soko. Maneno yale matatu ndiyo Kiswahili ambacho kijiji kizima kilikuwa kikikisikia kila mtu alipofungua mdomo kwa lugha hiyo. "Wewe si mbaya," Mzee Kasadha aliniambia, "lakini mdomo wako unafanana na wao."

Basi nikaufunga. Kisoga changu kilikuwa matusi ya watoto wa Jinja na majina ya vyakula, hakikunifikisha mbali. Nje nilisalimia kwa kichwa. Ndani tulinong'ona. Leo nikiwasikia watu wakisema fulani ni mpole, ni mtu wa maneno machache, huwa najiuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza anaogopa kumtisha nani. Mimi nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na hasira ya kuacha shule, na hofu ya Simiyu kuugua, na hamu ya kumweleza mtu yeyote aliyenizidi umri kwamba nimechoka. Nilikuwa mkubwa wa nyumba, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hayo.

Jioni Mama Mudoola alimpa Nekesa viazi vitamu vilivyopikwa ndani ya majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga kwenye bakuli la enameli lililobanduka ukingoni. Sukari nyeupe ilikuwa imepotea madukani, lakini kiwandani tuliruhusiwa kukwangua kilichoganda kwenye ukingo wa karai, kwa hiyo chai yetu ilikuwa tamu na nyeusi, na nilihakikisha kikombe cha kwanza kinakwenda ng'ambo ya ukuta. Kikombe kilirudi kitupu, kimeoshwa. Kwa miezi minne hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kila Jumapili baada ya chakula, watu watano, Mzee Kasadha akiwa mmoja wao, walikuja na kuzishusha mbao kutoka juu ya godoro letu. Chini ya mfenesi palikuwa na shimo refu linalofika kiunoni. Walilaza vigogo viwili vya migomba kandokando yake, wakazipanga mbao juu, kubwa mpaka ndogo, wakachomeka vijiti kati yake zisiteleze. Kisha walikaa kwa kutazamana, watatu huku, wawili kule, na kati ya wale wawili palikuwa na kigoda kitupu. Embaire si chombo cha mtu mmoja. Kila mtu ana mapigo yake machache, na ukiyasikia peke yake utadhani mtu anagonga mlango. Wimbo unatokea pale pigo la huyu linapoingia katikati ya mapigo ya yule, kwa kasi, mpaka huwezi tena kusema lipi ni la nani. Watu hawa walicheza wakiwa watano mahali pa sita. Wimbo ulikwenda vizuri, halafu ukachechemea mahali palepale, kila mzunguko, kama mtu anayepanda ngazi iliyong'oka kipande. Mzee Kasadha alisema, pale ambapo mama yule hakuweza kusikia, "Mudoola ametuachia mashimo mawili. Moja liko chini ya mbao."

Hawakumtafuta wa sita. Nilijua kwa nini, kwa sababu niliwasikia kupitia ukuta. Mzee Kasadha alikuja jikoni, akakohoa sana kabla ya kusema kwamba kuna kijana wa kijiji cha pili anayejua kucheza. Mama Mudoola aliendelea kutwanga karanga. Nekesa alinitafsiria jibu lake sikioni: siku mtakapojaza kigoda cha mwanangu akiwa bado safarini, chukueni mbao zenu mkachezee kwingine. Hakuwa amezika. Mwanawe hakuwa ameombolezewa. Watu wote walimwita Mama Mudoola, kama mama anavyoitwa kwa jina la mtoto wake, na kila mara walipoita walisita kidogo kabla ya neno la pili.

Kiwandani nilipewa mwiko mrefu kama kasia, kazi yangu ikawa kukoroga maji ya miwa kwenye karai yasiungue. Unalizunguka karai polepole ukikoroga, na upande mmoja tanuri linatoa moshi usoni. Huko nikaanza kugundua kwamba mwiko wangu unagonga ukingo wa karai mahali ambapo wimbo wa Jumapili ulichechemea. Sikukusudia. Sikuwahi kumsikia Mudoola akicheza, hata sura yake sikuijua. Lakini wale watano walikuwa wamemzunguka pande zote, na nafasi iliyobaki ilikuwa na umbo moja tu. Nilikusanya mapigo yake moja moja, kama unavyojua ukubwa wa jino kwa kuweka ulimi kwenye pengo. Yalikuwa manane. Nilimfundisha Simiyu kugonga sehemu ya Mzee Kasadha juu ya sanduku la bati, likiwa limefunikwa nguo ili lisisikike, nami nikagonga yangu kwenye mapaja. Simiyu alinitazama mara moja akaacha kugonga. "Kaka, umecheka," alisema. Alisema kama mtu anayetoa taarifa.

Siku moja ya Jumapili Mama Mudoola alikwenda shamba lake la mihogo, mbali kidogo upande wa bonde, na wachezaji walikuwa wamechoka na wimbo wao. Mzee Kasadha aliniona nimekaa mlangoni, vidole vikitembea gotini. Alinitazama muda, kisha akasema, "Mswahili, mapaja yako yanajua nini?" Wengine walicheka. Mmoja akasema labda yanajua kupiga kwata. Mzee Kasadha hakucheka. Alisukuma kigoda kwa mguu wake mfupi. Nilijua sikupaswa kukikalia. Nilikikalia.

Ningepewa tena umri ule, sijui kama ningekataa. Mzunguko wa kwanza nilikosea. Wa pili niliingia, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zangu, kwa sababu shimo huirudisha sauti kutoka chini. Kwa miezi minne nilikuwa mtu wa kunong'ona, na sasa kila nilichogonga kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na watu watano walinijibu kabla sijamaliza, na nikawajibu, bila mtu kuuliza ninatoka wapi. Ile hasira, ile hofu, ule uchovu, vyote vilipata mahali pa kwenda. Mzee Kasadha alifumba macho. Tulicheza mpaka jasho likaingia kwenye macho yangu, na ndiyo maana sikumwona Mama Mudoola mpaka wenzangu waliponyamaza mmoja baada ya mwingine.

Alikuwa amekimbia kutoka bondeni. Jembe lilikuwa bado mkononi, kanga imeshuka, miguu ina matope mpaka magotini. Alikuwa anaita jina la mwanawe, si kwa kilio, kwa sauti ya kawaida ya mama anayemwita mtu aliyefika nyumbani bila kupitia jikoni. "Mudoola? Mudoola?" Alizunguka mfenesi akanikuta mimi. Tulitazamana. Sijawahi tena kuonwa na mtu kwa namna ile, kutazamwa kwa furaha ambayo bado haijajua kwamba imekosea nyumba. Kisha ikajua. Aliweka jembe chini taratibu, akaingia jikoni, akafunga mlango. Wachezaji walizipandisha mbao kwenye boriti. Jioni hapakuwa na moshi ukutani. Nekesa alipika uji, akapiga magoti mlangoni kwa Mama akauacha hapo, na asubuhi ulikuwa umeganda vilevile. Nilifunga sanduku la bati. Nilikuwa nimewapotezea Nekesa na Simiyu paa kwa ajili ya saa moja ya kusikika.

Lakini hakutufukuza, na kusubiri atufukuze kulikuwa kugumu zaidi. Jumapili tatu zilipita bila embaire. Nililala nikizitazama mbao juu yangu. Nilijiambia kwamba sitacheza tena, na nilijiona mwema kwa uamuzi huo, mpaka Nekesa aliponiambia kwamba tangu niache ninagongagonga ukuta usingizini.

Wiki ya nne nilirudi kutoka kazini mchana nikamkuta Mama Mudoola amekaa kwenye kizingiti chetu, anamenya maharagwe aliyoachiwa Simiyu. Alinionyesha nikae. Midomo yake ilitembea kidogo kabla ya sauti, nikaelewa kwamba anatafuta maneno. Kisha akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo sikujua kwamba anayo.

"Ile siku, mimi nasikia kule shamba. Nasikia Mudoola. Si mtu kama Mudoola. Mudoola yeye."

Nilimwomba msamaha. Aliinua mkono.

"Hapana, si makosa. Mbao inataka mtu sita. Baba yake alichonga ya mtu sita." Alimenya haragwe jingine. "Wewe piga. Lakini usipige yake. Piga yako. Mimi nikiwa kule mbali, nasikia, najua: hii ni Wafula. Sitakimbia tena. Mguu yangu imechoka kukimbia."

Sijawahi kupewa kazi ngumu zaidi, na nimetengeneza milango ya makanisa. Nafasi ile ilikuwa na umbo moja. Pigo likisogea, wenzako wote wanaanguka. Nilijaribu kuongeza. Niliweka mapigo ya ziada, madogo, ya madaha, na Mzee Kasadha akaniambia nimekuwa kama mgeni anayejibu maswali ambayo hakuulizwa. Nilijaribu kupiga kwa nguvu zaidi, wakasema ninatwanga. Nilianza kufikiri kwamba sina changu, kwamba nilichokuwa nacho siku ile kilikuwa cha Mudoola tu, na kwamba mtu aliyeacha shule na kuacha kusema hana kinachobaki cha kumtambulisha.

Kilikuja nilipoacha kukitafuta. Jumapili ile nilikuwa nimetoka zamu mbili za kiwandani na mikono ilikuwa mizito, nikacheza kama ninavyokoroga. Karai lina upande wa moshi, nimekwisha kusema. Ukifika hapo unazuia pumzi na mkono unasimama, kidogo tu, halafu unaendelea. Mwili wangu ulifika kwenye pigo la saba, ukadhani umefika kwenye moshi. Mkono wa kushoto ulisimama juu ya ubao na haukushuka. Pigo la nane likafuata mahali pake. Mzee Kasadha aliniangalia lakini hakusimama, kwa kuwa wimbo haukuchechemea. Mapengo mengine ya zamani yalikuwa yamejazwa yote, na hili moja lilikaa kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema, na ndani yake ubao mkubwa wa Mzee Kasadha ulisikika wazi, ambao siku zote ulikuwa umefunikwa. Mzunguko uliofuata niliuacha mkono tena, sasa kwa makusudi. Na uliofuata. Tulicheza mpaka jua likaanguka nyuma ya migomba, nami nikitazama njia ya bondeni, nikiogopa kuona mtu anakimbia.

Mama Mudoola alirudi saa yake ya kila siku, kwa mwendo wake wa kila siku, mihogo kichwani. Alipitia karibu na shimo. Hakusimama, aligeuza tu shingo kidogo chini ya mzigo.

"Nimekusikia, Wafula," alisema, akaingia jikoni, na baada ya muda moshi ukaanza kupita juu ya ukuta.

Mwisho wa mwaka kiwanda kilisimama kwa kukosa vipuri, na dereva yuleyule wa lori akanipatia kazi kwa fundi seremala Mbale, upande wa Nabuyonga. Tuliondoka asubuhi. Mama Mudoola alimpa Nekesa bakuli la enameli. Mbale nilijifunza ubao kwa randa na msumeno, Simiyu akasoma mpaka akamaliza masomo, na Nekesa, miaka minane baadaye, alirudi Buwenge akiwa mke wa mtu, akawa ndiye anayempelekea mama yule chai. Mudoola hakurudi. Sikucheza tena embaire. Huku kwetu haipo, na chombo cha watu sita hakichezwi na mmoja. Watu wa Mbale wananijua kama fundi asiyesema sana. Lakini sijawahi tena kuogopa kufungua mdomo. Najua nina changu, na kwamba kuna mtu aliyewahi kukitambua akiwa mbali.

Nilifika msibani saa saba. Nilipokaribia mfenesi, niliona mbao zilezile juu ya vigogo vibichi, na vijana sita wakizipanga, watatu kati yao wasichana, jambo ambalo wakati wetu halikuwepo. Mzee wa ukoo alikuwa ameruhusu zichezwe wakati wa kuzika, kwa kuwa marehemu ndiye aliyezitunza. Walijaribu kidogo. Msichana aliyekaa kwenye kigoda cha katikati alipiga mapigo sita, mkono wake wa kushoto ukabaki juu, kisha akapiga la nane. Nilidhani nimesikia vibaya. Mzunguko wa pili, vilevile. Nilimsogelea nikamwuliza, kama mzee mdadisi asiyejua kitu, kwa nini hapo hagongi.

"Ndivyo ulivyo wimbo, mzee," alijibu kwa upole. "Alitufundisha Mama mwenyewe. Ukigonga hapo, umekosea."

Nikamwambia anacheza vizuri. Nekesa, aliyekuwa nyuma yangu na sahani za wageni, alinigusa bega akapita.

Kaburi lilichimbwa kwenye shamba la mihogo, upande wa bonde, mahali alipochagua mwenyewe. Tulimbeba mpaka huko, na embaire ikabaki nyumbani na vijana wake. Mchungaji alipomaliza, na udongo ukaanza kushuka, wakaanza kucheza. Sikuwahi hata mara moja kusimama pale wakati embaire inalia. Mwaka ule wote nilikuwa upande wa pili, kwenye kigoda. Sauti ilikuja juu ya migomba, ndogo lakini kamili, na kila mzunguko ilifika mahali ikavuta pumzi, na mle ndani ubao mkubwa ukasikika. Nilisimama na koleo mkononi nikasikiliza, mpaka Nekesa akaniambia taratibu kwamba watu wananisubiri. Nikatupa udongo wangu. Ni kweli, ukiwa kule mbali unajua.